Ufunguo Ambao Haukualikwa Krismasi

Wiki iliyopita nilishikwa na mafua, yale ya AC ambayo kila mtu wa Doha anayajua: nje unayeyuka, ndani unatetemeka. Nikachemsha maji, nikakata ndimu, na kwa kuwa tangawizi ilikuwa imeisha nikachomeka karafuu chache kwenye kile kipande cha ndimu na kukitosa kikombeni. Mvuke ulipofika puani nikasahau mafua. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Al Rayyan, mtu mzima mwenye watoto wanaogombania rimoti sebuleni, lakini pua ilikuwa imesharudi Abu Hamour, kwenye chumba cha kwaya, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na Mzungu mmoja mnene mwenye mashavu mekundu alikuwa ananiambia nishike kikombe kwa mikono yote miwili.

Kinywaji kile alikiita wiski bila wiski. Kwao Ireland, alisema, wakati wa Krismasi hunywewa maji ya moto, sukari, ndimu iliyochomwa karafuu, na kile kitu chenyewe. Huku kile kitu chenyewe hakiingii kanisani, kwa hiyo tunakunywa kumbukumbu yake. Watu wazima walicheka. Mimi nilikunywa kwa adabu sana, maana nilidhani kile kitu chenyewe ni marehemu fulani wa ukoo wao.

Tulimwita Mwalimu Fintan. Ualimu wake ulikuwa wa hesabu, katika shule moja mjini, lakini Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, alipiga kinanda kwenye misa ya Kiingereza. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa baba yangu. Siku nyingine zote baba aliendesha gari la hoteli na kuitwa dereva. Ijumaa alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono, na hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Kwaya ilikuwa ya Waswahili wa kila namna: wauguzi kama mama, walinzi, wahudumu wa hoteli, na akina dada wa kazi za nyumbani ambao Ijumaa hii wanapewa ruhusa na ile wananyimwa. Chumba tuligawana na mataifa. Wahindi walikuwa wakitoka sisi tukiingia, na Wafilipino walikuwa wamesimama mlangoni na magitaa yao kabla sisi hatujasema amina.

Ijumaa moja Fintan alibaki nyuma akikunja nyaya za kinanda, akatusikia. Akaacha kukunja, akaketi. Ijumaa iliyofuata alikuja na kinanda chenyewe, bila kualikwa, akakiweka pembeni, na baba hakuwa na namna ya kumfukuza kwa sababu tayari Anti Joyce alikuwa amempa chai.

Anti Joyce hakuwa ndugu yetu wa damu. Alifanya kazi za ndani kwa familia moja kule Al Rayyan, aliimba karibu na mama, na alikuwa na mazoea ya kumlisha yeyote aliyekaa kimya kwa muda.

Baba hakuhitaji kinanda. Alikulia kwenye kwaya za Maragoli, magharibi mwa Kenya, ambako watu hujifunza wimbo kwa do, re, mi ubaoni na mwalimu mwenye fimbo, na kinanda ni kitu cha kwenye picha. Alikuwa na uma mdogo wa chuma wa kupimia sauti. Aliugonga gotini, akauweka sikioni, akafumba macho, akapanda na kushuka kimoyomoyo, kisha akatoa do. Sote tukaingia. Ikiwa juu mno kwa akina mama, alishusha. Ikiwa chini mno kwa besi, alipandisha, na maisha yakaendelea. "Do ni do," alikuwa akisema. "Hata ukihama nyumba, kitanda ni kile kile."

Kwa Fintan hilo lilikuwa karibu na kufuru. Nimweleze msomaji ambaye hakuwahi kuimba: ufunguo ni pale wimbo unapoweka makazi yake, pale do yake ilipo, na hizo nyumba zina majina ya herufi, A mpaka G. Baba alizihesabu zote kuwa nyumba za kupanga. Fintan alishikilia kwamba kila moja ina mwenyewe, na mwenyewe ana tabia zake, na utazijua tabia hizo vizuri zaidi ukimwona kwenye karamu ya Krismasi nyumbani kwa mama yake Fintan, katika kijiji ambacho jina lake hakuna aliyeweza kulitamka.

C, alisema, hufika wa kwanza. Ameoga, amechana nywele, anauliza kama kuna msaada jikoni, na hana habari yoyote ya kusimulia. D amekuja na fidla, na kabla supu haijaletwa yuko juu ya meza. E ni yule aliyerudi kutoka Amerika na meno mapya. F ni bibi aliyeketi karibu na moto. Kila mtu anadhani amelala, kumbe anasikia yote. A ndogo, ile ya huzuni, ni shangazi anayekoroga chai iliyokwisha kupoa na kuwataja marehemu mmoja mmoja mpaka mtu amwombe aimbe. Akiimba, nyumba nzima inalia, na kesho yake watu wanasema Krismasi ilifana.

Alisema hayo kwa Kiingereza chake cha kupanda na kushuka, na baba akatafsiri kwa wasiokishika, akitia chumvi yake. E alikuwa yule anayerudi kutoka Nairobi Desemba akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. D alikuwa mpiga ngoma ya isukuti. Shangazi wa A ndogo hakuhitaji kubadilishwa; kila mtu alikuwa naye.

"Na mimi je?" aliuliza Kevo, mlinzi wa jengo moja la maofisi na besi yetu nzito kuliko zote. "Mimi niko wapi hapo, buda?"

Fintan alimtazama kutoka viatuni hadi kofiani. "Wewe ni D ndogo. Unasimama mlangoni na koti, unasema unaondoka. Watu wote wanalala, wewe bado uko mlangoni."

"Si hiyo ndiyo kazi nalipwa nayo," Kevo akasema, na hakuna aliyeweza kuimba kwa muda.

Basi ikawa desturi. Kila mtu alipewa wake. Baba alikuwa C, jambo ambalo alilichukua kama sifa. Na mama, ambaye kwaya nzima ilimwita Sista Rhoda, alikuwa G. "G haalikwi," Fintan alisema. "Haina haja. Anaingia bila kubisha, mikononi amebeba bata na watoto wawili wasio wake, na kabla hajavua koti nyumba imepata joto." Mama aliziba mdomo kwa leso na kucheka. Nilijua Fintan amesema kweli, kwa sababu mama alikuwa hivyo hasa, ukiondoa bata.

Wimbo wake ulikuwa kwenye ufunguo wa G pia. Baba aliutunga kabla sijazaliwa, kuhusu mchungaji aliyechelewa kufika horini kwa sababu alikuwa bado anamtafuta mwana-kondoo wake. Kila Krismasi mama aliimba beti peke yake, na kwaya ikajibu. Sauti yake haikupanda kama sauti za wengine zinavyopanda, kwa hatua na kujiandaa. Ilikuwa tayari iko kule juu, imetulia, na sisi ndio tulioambiwa tuje.

Mtoto anaamini anachoambiwa na mtu mzima anayempa sukari. Fintan alisimulia pia kwamba kwao, siku ya pili ya Krismasi, watu hujivika mabua na vinyago vya majani, wakazunguka nyumba hadi nyumba wakiimba, na mwenye nyumba hajui ni nani mpaka kinyago kitoke. Nikayaunganisha mambo mwenyewe. Funguo zilikuwa watu. Walikaa Ireland, kwenye mvua. Wimbo ulipoanza, mmoja wao alifunga safari, na mtu aliyeimba vizuri alikuwa mtu ambaye mgeni wake amemfikia na kumwingia. Sikumwuliza yeyote kama ni kweli. Lilikuwa jambo la wazi, kama vile ndege zinavyotua.

Mwaka ule mama alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Alituambia mapema, kwa utulivu wa mtu wa hospitali, kwamba mshipa wa sauti unapita pale pale na kwamba sauti inaweza kubadilika kidogo. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe shingoni na alizungumza kwa kunong'ona, nami nilifurahia, nikinong'ona kumjibu, tukawa kama watu wenye siri. Kisha kunong'ona kukaisha na sauti ikatoka. Ilikuwa nzito, yenye mchanga ndani yake, na mwishoni mwa sentensi ilikwama na kupotea. Aliponiita nioge nilidhani kuna mwanamume sebuleni.

Bibi alipiga simu kutoka Kenya. Mama alisema haloo, na upande wa pili ukaomba upewe Rhoda. Mama alisema ni yeye. Bibi akacheka, akasema huyo kaka aache mchezo, ampe Rhoda. Baba ndiye aliyechukua simu na kueleza. Tangu siku hiyo mama alituma ujumbe wa maandishi tu, na akipigiwa aliitazama simu mpaka inyamaze.

Mimi nilikwenda kuulizia kwa anayehusika. Ijumaa hiyo nilimsogelea Fintan akiwa anachomeka karafuu zake, nikamwuliza G yuko wapi. Hakuelewa mara moja. Nikamweleza: mama hana tena G, je, G amekwenda wapi? Aliishika ile ndimu muda mrefu. Mtu mwingine angeniambia ukweli, na pengine angefanya vyema. Yeye alisema, "G amesafiri kidogo. Wakati huu wa sikukuu ana nyumba nyingi za kutembelea. Atarudi."

"Kwa mlango au kwa dirisha?"

"Kwa mlango," alisema Fintan. "G ni mtu wa mlango."

Niliridhika kabisa. Jioni hiyo mama alikaa kando ya kitanda changu na kitabu cha hadithi, akafungua mdomo, na mimi nikamwekea mkono kwenye ukurasa, nikamwambia kwa wema wote, "Ngoja kwanza sauti yako irudi, ndio unisomee." Alikubali kwa kichwa. Akafunga kitabu, akanifunika shuka, akatoka. Niliona nimemsaidia.

Kwenye kwaya mama alikuja, lakini alikaa nyuma, karibu na Kevo, mlinzi wa milango, na midomo yake ikatembea bila sauti. Krismasi ilikuwa inakaribia. Siku moja ndani ya gari nilijifanya nimelala, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee ya mtoto kupata habari, nikawasikia mama na baba.

"Huo wimbo mpe Joyce," mama alisema.

"Wimbo ni wako."

"Ulikuwa wangu. Mwalimu, nikifungua mdomo namsikia mtu mwingine. Simjui. Sitaki kusimama mbele ya watu na mtu nisiyemjua."

"Tutaushusha. Do ni do."

"Umeushusha mpaka F. Umeushusha mpaka D. Nakwama." Gari lilikuwa limesimama kwenye taa, na ile sauti yake ya mchanga ilisikika vizuri kuliko kawaida. "Mimi na kuimba, khalas. Tumeachana bila ugomvi. Usinisukume tena."

Baba hakumsukuma. Taa ikawa kijani, tukaenda. Nilibaki nimefumba macho nikiwaza jinsi watu wazima wanavyohangaika bure. Kulikuwa na habari njema ambayo mimi na Fintan tu tuliijua, kwamba G atarudi, na niliitunza mpaka mlango ufunguke.

Krismasi huku ni siku ya kazi kama nyingine, na mama alipangiwa zamu. Wimbo wa mchungaji haukuimbwa. Joyce alipoombwa alisema yeye hawezi kuvaa nguo ya mtu aliye hai, na baba akaupita kwenye orodha ya nyimbo. Nilikaa mstari wa mbele na shingo imegeukia nyuma ibada nzima. G hakuja. Nilielewa sababu: mama alikuwa hospitali, sasa G angekuja kufanya nini?

Siku chache baadaye mama alikuwa anapiga pasi sare yake, na mvuke na joto la pasi vikamtia usingizini akiwa wima, kama ilivyomtokea mara nyingi. Akaanza kuimba puani. Hakujua kwamba anaimba. Ilikuwa ile tyuni ya mchungaji, lakini chini kabisa, chini kuliko nilivyowahi kusikia mwanamke akiimba, inatembea polepole kwenye sakafu. Haikukwama popote. Baba alikuwa kwenye korido na soksi mkononi. Alisimama. Alinyoosha kidole kunizuia nisiseme, akarudi nyuma kwa vidole vya miguu, akachukua ule uma wa chuma, akaugonga gotini na kufumba macho. Midomo yake ilishuka ngazi moja, ngazi mbili, akaendelea kushuka. Alipofumbua macho alikuwa na uso wa mtu aliyepata anwani.

Alimpigia Fintan kutoka bafuni, bomba likiwa wazi. Nilisikia upande wake tu. "Do yake iko B," alisema. "B kabisa. Hapana, hataki kanisani. Hataki watu." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Siku ya nani?"

Ndivyo tulivyojua kwamba Ireland kuna Krismasi nyingine. Mwisho kabisa wa sikukuu, mapambo yakiwa yanashushwa, kuna siku ambayo wanawake hawagusi chochote. Wanaume wanapika, wanaume wanaosha vyombo, na wanawake wanakaa na kusengenya mpaka wachoke. Mama yake Fintan aliiheshimu siku hiyo kuliko Krismasi yenyewe. Na kwa sababu aliulizwa, Fintan akamweleza baba kuhusu B. Hakuwahi kumtaja kwa sababu B haji Krismasi. Ana vibao vyeusi vitano kwenye kinanda, wakati C hana hata kimoja, kila mtu anamwogopa, hakuna nyumba iliyoweza kumkaribisha. Yeye huja siku hiyo ya wanawake, baada ya wageni wote wenye makelele kwenda, na hukaa na waliochoka.

Baba alimwambia mama kwamba Mwalimu Fintan anataka kuwapikia akina mama wa kwaya. Hakusema zaidi ya hapo. Mama alikuwa na mapumziko, na hakuna mwanamke wa kwaya ile aliyewahi kupikiwa katika nchi hii na mtu asiyelipwa.

Walikuja nyumbani kwetu Abu Hamour, wakavua viatu mlangoni, wakajaza kochi na zulia. Walikuwa na miguu ya watu wanaosimama kutwa, na baba, kwa amri ya Fintan, alipitisha beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Joyce aliingiza miguu yake akafumba macho. "Leo hata madam akipiga simu," alisema, "niko Ireland."

Jikoni mambo yalikuwa mabaya. Fintan alijifunga kanga ya mama kiunoni na kushika viazi. Baba alichukua pilau, jambo alilowahi kuliona likifanywa. Kevo alipewa chapati na zikatoka za maumbo ya nchi mbalimbali. Kila baada ya muda mama aliinua kichwa akinusa. "Kuna kitu kinaungua," alisema kwa ile sauti yake, na baba akajibu kutoka ndani, "Mafi mushkila, hakuna shida," na wanawake wakacheka, na mama akatabasamu lakini hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, leso shingoni, tayari kuinuka na kuwasaidia.

Nilikuwa nimejiwekea kiti kidogo mahali ambapo mlango unaonekana vizuri. Nilikuwa nimevaa gauni la Krismasi, sikumwambia mtu kwa nini.

Baada ya kula, kwa wale walioweza kula, Fintan alikaa kwenye kinanda chake akiwa na unga mashavuni. Akasema atawapigia akina mama muziki, wao wasifanye chochote, hata kupiga makofi. Akatuonya kwamba anakwenda kwenye ufunguo wa B, na kwamba anayeogopa afumbe macho. Akainama, akasogeza kidole kwenye pembe ya kinanda, na kidole kikagonga kitu. Ti, ti, ti, ti.

Baba alikuwa amesimama nyuma yake na sahani. Akainama na yeye. "Hiyo ni nini?"

"Hakuna kitu," Fintan alisema.

"Umebonyeza kitu."

"Ni kitufe cha kinanda."

"Kinafanya nini?"

Fintan alitazama vidole vyake. Masikio yake yalikuwa yameanza kulingana na mashavu. Hatimaye akasema kwamba kitufe kile kinahamisha kinanda kizima, juu au chini, na mpigaji anaweza kubaki pale pale.

"Kwenye vibao vyeupe," baba alisema polepole.

"Kwenye vibao vyeupe."

"Miaka yote hii. D, E, F, bibi wa motoni, yule wa Amerika na meno. Zote ulipiga vibao vile vile vyeupe, ukabonyeza kitufe." Baba aliweka sahani chini. "Zote zilikuwa C. Zote zilikuwa mimi."

"Mimi sikusema naweza kuzipiga," Fintan alisema kwa heshima kubwa. "Nilisema nazijua."

Mama ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na hakikuwa kile cha zamani cha kuziba kwa leso. Kilitoka tumboni, kizito, kikajaza chumba, kikawapindua wengine wote. Joyce alimwaga maji ya beseni. Kevo alikaa chini mlangoni na kuegemeza kichwa ukutani. Mama alijipangusa macho, akajaribu kuongea, akashindwa, akajaribu tena. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu karatasi zile za hospitali zilipobandikwa kwenye mlango wa friji, orodha za dawa na miadi. Akiwa bado anahema kwa kicheko alimwelekezea baba kidole.

"Basi wewe mwenye do," alisema. "Ilete. Acha hicho kitufe. Ilete kwa mdomo."

Baba hakuuliza kama ana uhakika. Hakuenda kuchukua uma. Aliitoa do pale alipoisikia ikitembea kwenye sakafu siku ya pasi, laini sana, na Fintan akaondoa mikono kwenye kinanda na kuiweka magotini.

Nilijua saa imefika. Wimbo ukianza, mgeni anafunga safari. Huu ulikuwa umecheleweshwa sana, kwa hiyo G angekuwa karibu, labda kwenye lifti. Nikageuka na kuukabili mlango. Nyuma yangu sauti ilianza ubeti wa kwanza wa mchungaji. Ilikuwa nzito na ya polepole, na ilisikika kama mtu anayejua kweli usiku ni mrefu kiasi gani ukimtafuta mwana-kondoo. Mara moja ilikwaruza ikakaribia kupotea, na wale wanawake wenye miguu majini wakaishika kwa chini mpaka ikapata nguvu. Kevo aliingia na besi, na kwa mara ya kwanza besi yake haikuwa mbali na mama, walikuwa karibu kama majirani. Nilisikia mtu analia. Baadaye niliambiwa ni Fintan. Nilisikia kila neno. Lakini nilikuwa nautazama mlango, kile kitasa cha rangi ya dhahabu, viatu vya watu vilivyojipanga chini, na sikumwona mama akiimba hata kidogo.

Wimbo ukaisha. Mlango haukufunguka. Nilibaki nimekaa vile vile, nikikikodolea macho kitasa, kwa sababu hakukuwa na siku nyingine tena. Hii ndiyo ilikuwa sikukuu ya mwisho. Fintan mwenyewe alisema hivyo.

"Wewe," mama aliniita. "Geuka."

Niligeuka. Wote walikuwa wananitazama. Mama alikuwa bado ameketi ukingoni mwa kochi, uso umelowa, leso imeanguka kutoka shingoni na kovu linaonekana.

"Watu wote wananitazama mimi, wewe unatazama mlango. Ulikuwa unamngoja nani?"

Nilijaribu kusema G, nikaona jina halitoshi.

"Wewe," nikamwambia, na nikaanza kulia.

Hakuna aliyecheka. Mama alinitazama namna ambayo nadhani hakuwa amenitazama tangu jioni ile ya kitabu. Kisha akasogea, akaegemea nyuma kwenye kochi kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapiga mkono pale kando yake.

"Basi njoo ukae," alisema kwa sauti yake. "Nimeshafika."